Ufugaji wa Samaki Unaodumu: Majaribio Mikononi mwa Wafugaji Wadogo wa Ituri

Njia mpya ya kufuga samaki hupimwa mara mbili. Kwanza hupimwa katika kituo cha utafiti, mahali penye maji ya uhakika, chakula cha kununua na wataalamu wanaoshinda kando ya bwawa. Kisha hupimwa kwa mfugaji mwenyewe, ambako mvua kubwa hubomoa tuta, samadi haitoshi, na mwenye bwawa ana shamba la mihogo la kupalilia na ada za watoto za kulipa. Njia nyingi hufaulu mtihani wa kwanza na kuanguka katika wa pili. Ndiyo sababu, tangu miaka ya 1980, baadhi ya watafiti wa ufugaji wa samaki barani Afrika walianza kuhamisha sehemu ya kazi yao kutoka vituoni kwenda vijijini. Kwa utaratibu huo mfugaji mdogo hapokei maagizo tu. Anachagua cha kujaribu, anapima, na mwishowe anatoa hukumu.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika ripoti yake ya 2024, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilieleza kwamba mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, wanyama wa majini waliofugwa duniani waliwazidi waliovuliwa: walifikia tani milioni 94.4, sawa na asilimia 51 ya wote. Sehemu kubwa mno ya mavuno hayo hutoka Asia. Afrika nzima haifikishi hata asilimia 3, ijapokuwa ina mito, mabonde na watu wengi wenye hamu ya samaki.

Ufugaji huitwa endelevu unapotimiza mambo matatu. Bwawa litegemee zaidi vitu vilivyopo karibu kuliko vya kuagizwa kutoka mbali. Lisiharibu maji, udongo wala samaki wa asili. Na liendelee kuzaa mradi ukiisha na gari la wafadhili likiondoka. Sharti la tatu ndilo linalowashinda wengi, na haliwezi kupimwa kituoni.

Bambu na mazingira yake

Bambu ni mji mdogo wa wilaya ya Djugu, kaskazini-magharibi ya Bunia, katika jimbo la Ituri nchini Kongo. Umejulikana kwa dhahabu tangu zama za ukoloni: madini hayo yaligunduliwa eneo la Kilo mwaka 1903, na kampuni ya migodi ya Kilo-Moto iliweka makao yake Bambu. Hadi leo wachimbaji wadogo wanachekecha mchanga katika vijito vya eneo hilo.

Kwa mfugaji wa samaki, mazingira haya yana mambo manne ya kuangalia. La kwanza ni mwinuko. Bunia yenyewe ipo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Djugu hupanda zaidi, vilele vingine vikipita mita 2,000. Maji ya huko ni baridi kuliko ya ufukwe wa Ziwa Albert, lililo karibu na mita 620. La pili ni dhahabu, ambayo huchafua vijito kwa tope na kwa zebaki. La tatu ni mgawanyiko wa maji. Upande wa mashariki wa vilima, mito huteremka kwenye Ziwa Albert na hatimaye Nile. Upande wa magharibi, maji huingia mto Ituri, ambao mbele huitwa Aruwimi na kumwagika katika mto Kongo huko Basoko. La nne ni usalama. Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003, kisha ghasia zilizolipuka Djugu tangu mwisho wa 2017, vimewahamisha watu wengi kutoka mashamba yao.

Samaki anahitajika sana. Sangara, anayeitwa pia kapitene, tilapia na dagaa wadogo wanaoitwa muziri hupandishwa kutoka Kasenyi na Tchomia, kando ya Ziwa Albert, hadi Bunia. Samaki wa ziwani akiadimika au barabara ikifungwa, bei hupanda, na jikoni bugali na sombe vinabaki peke yake. Bwawa la kijijini haliwezi kuchukua nafasi ya ziwa, lakini linaweza kuweka kitoweo karibu na nyumba.

Mafunzo ya mabwawa ya zamani

Kongo si mgeni katika ufugaji wa samaki. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Ubelgiji ilisukuma uchimbaji wa mabwawa nchi nzima, na kituo cha utafiti cha Kipopo, karibu na Lubumbashi ya leo, kilikuwa miongoni mwa vituo mashuhuri vya tilapia barani. Uhuru ulipokaribia mwaka 1960, mabwawa ya vijijini yalihesabiwa kuwa zaidi ya 100,000. Baada ya miaka michache mengi yalikuwa yameota majani. Mengi yalichimbwa kwa amri, hayakulishwa, na tilapia walizaana humo hadi bwawa likajaa samaki wa urefu wa kidole ambao hawakuwa na mnunuzi.

Kuanzia miaka ya 1970 hadi 1991, vijana wa kujitolea wa Peace Corps kutoka Marekani walifufua kazi hiyo katika maeneo kama Bandundu na Kasai. Walisisitiza mambo machache tu: bwawa lichimbwe na mwenyewe, mboji iwekwe ndani yake, maji yasipite ovyo, na bwawa zima livunwe baada ya miezi kama sita. Walipima mavuno kwa ari, yaani mita za mraba 100, kipimo ambacho wakulima wa Kongo wanakijua hadi leo.

Funzo lililo karibu zaidi na hali ya Bambu limetoka Rwanda. Katika miaka ya 1980 kituo cha Kigembe na kituo cha Rwasave huko Butare vilifuatilia tilapia wa Nile katika mabwawa ya miinuko mbalimbali, pamoja na mabwawa ya wakulima wenyewe. Ilionekana kwamba tilapia anakua hata juu ya milima, ila kwa mwendo wa polepole na kwa kuzaa kidogo kadiri baridi inavyozidi. Mavuno ya wakulima waliofuata ushauri yalipanda kutoka kilo chache hadi zaidi ya kilo 10 kwa ari kwa mwaka. Hakuna chakula cha kiwanda kilicholeta ongezeko hilo. Lilitokana na mboji na usimamizi wa maji.

Huko Malawi, kuanzia 1986, kituo cha Domasi kikishirikiana na shirika la utafiti ambalo leo linaitwa WorldFish kilikwenda hatua moja mbele. Wakulima walichora ramani za mashamba yao, wakaonyesha kila kitu kinachotupwa: pumba, majani ya mboga, samadi, majivu. Kisha walialikwa kituoni kutazama njia mbalimbali, wakachagua zilizowafaa, wakazibadilisha wakiwa nyumbani. Watafiti walijifunza mengi zaidi kutokana na mabadiliko hayo kuliko walivyojifunza kutokana na mpango wao wa mwanzo.

Kenya nayo imetoa funzo la tahadhari. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza 2009 ulichimba maelfu ya mabwawa ya mita za mraba 300 kila moja, ukagawa vifaranga na chakula. Uzalishaji ulipanda haraka. Ruzuku ilipokwisha, mabwawa mengi yaliachwa, kwa sababu chakula na vifaranga vilikuwa ghali au mbali. Wingi wa mabwawa haukutosha kuthibitisha kwamba njia inaweza kudumu.

Udongo na maji kabla ya samaki

Jaribio la kwanza halihitaji samaki. Mfugaji huchimba shimo la kina cha bwawa analokusudia, huchukua konzi ya udongo wa chini, huulowesha kidogo na kuufinyanga uwe donge. Donge hurushwa juu na kudakwa. Likivunjika mkononi, udongo una mchanga mwingi na bwawa litavuja. Likibaki zima, mfinyanzi unatosha. Kisha shimo hujazwa maji jioni, na asubuhi huangaliwa yamepungua kiasi gani. Kazi hii ya siku moja huokoa wiki nyingi za jembe na beleshi.

Bwawa la kawaida la mfugaji mdogo lina ari 2 hadi 4, kina cha sentimita 60 hadi 80 upande wa juu na kama mita 1.2 upande wa chini, ili liweze kukaushwa lote. Bwawa lisiloweza kukaushwa halifai kwa majaribio, kwa kuwa samaki wa zamani hubaki kwenye tope na kuharibu hesabu ya msimu unaofuata.

Jambo la pili la kujaribiwa ni njia ya maji. Wafugaji wengi huacha kijito kipite ndani ya bwawa usiku na mchana, wakiamini kwamba maji mapya ni afya. Kwenye vilima imani hiyo ina gharama. Tilapia wa Nile hukua vyema maji yakiwa na joto la nyuzi 26 hadi 30 za Selsiasi. Chini ya 20 hula kidogo na karibu huacha kuzaa. Maji yanayopita huleta baridi na kuondoka na rutuba iliyowekwa kwa jasho. Jaribio ni rahisi: jirani mmoja anaendelea na maji yanayopita, mwingine anafunga mfereji na kuongeza tu maji yaliyopotea kwa jua na kwa kuvuja. Kipimajoto hutumbukizwa alfajiri na saa tisa alasiri katika mabwawa yote mawili. Tofauti huanza kuonekana katika kipimo kabla haijaonekana katika samaki.

Maji ya kijani

Chakula cha bei nafuu kuliko vyote kwa tilapia huota ndani ya maji yenyewe. Samadi na majani yanapooza hutoa virutubisho, virutubisho hulisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nayo huyapa maji rangi ya kijani. Tilapia huila, pamoja na vijidudu vinavyoishi humo. Kwa hiyo kona moja ya bwawa huzungushiwa fito za mianzi, na ndani ya uzio huo hutiwa majani mabichi, maganda ya ndizi, samadi na mabaki ya jikoni. Chungu hicho hugeuzwa na kukanyagwa mara kwa mara ili juisi yake isambae.

Kipimo cha rangi ni mkono wa mfugaji. Anasimama kwenye kingo na kuingiza mkono majini taratibu, kiganja kikiwa kimekunjwa kuelekea juu. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, rutuba inatosha. Kikionekana hata maji yanapokaribia bega, mboji iongezwe. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, mboji isimamishwe mara moja. Kipimo hiki kina mtego wake: maji yenye tope jekundu la mgodini nayo huficha kiganja, ilhali hayana chakula chochote, kwa sababu tope huzuia mwanga wa jua. Chupa inayopitisha mwanga hutatua shaka. Maji yakiachwa ndani yake usiku kucha, udongo hutua chini au huonekana wazi kuwa ni udongo, na kijani hubaki kijani.

Kuzidisha samadi ni hatari. Mchana mimea ya majini hutoa oksijeni, usiku huitumia pamoja na samaki na vijidudu vinavyoozesha mboji. Oksijeni hupungua kabisa karibu na alfajiri. Samaki wakionekana asubuhi wamepanda juu wakihema kwa midomo, na wanaendelea hivyo hata jua likishatoka, bwawa limelemewa. Mfugaji anayejaribu kiwango cha samadi ya kuku anaweza kuanza na kilo 2 za samadi kavu kwa ari kwa wiki, mwenzake akaweka kilo 4, na wote wawili wakalinganisha rangi ya maji, hali ya samaki alfajiri na uzito wa mwisho. Udongo ukiwa mchachu, chokaa ya kilimo ya kilo 10 hadi 20 kwa ari hutandazwa kwenye sakafu ya bwawa kabla ya kujaza maji, na majivu ya jikoni husaidia pale chokaa inapokosekana.

Tilapia wanaozaana kupita kiasi

Tatizo lililoua mabwawa ya zamani bado lipo. Tilapia wa Nile anaweza kuanza kuzaa akiwa na umri wa miezi mitatu na uzito mdogo mno. Jike huatamia mayai mdomoni, hivyo watoto wengi huokoka, na bwawa hujaa midomo inayogombania chakula kilekile.

Njia tatu hujaribiwa na wafugaji. Ya kwanza ni kuvuna bwawa lote kwa wakati, kulikausha, na kuanza upya kwa vifaranga vilivyohesabiwa, samaki 1 au 2 kwa mita ya mraba pale panapotumika mboji pekee. Ya pili ni kuweka kambare, anayeitwa kambale katika Kiswahili cha Kongo, ili ale vitoto vya tilapia. Kambare hustahimili maji yenye oksijeni kidogo kwa kuwa anaweza kuvuta hewa. Lakini awekwe akiwa mdogo kuliko tilapia waliotangulia, la sivyo ataanza na wale waliokusudiwa kukua. Kambare 1 kwa kila tilapia 10 ni mwanzo mzuri wa jaribio.

Njia ya tatu ni kufuga madume peke yake, maana madume hukua haraka kuliko majike. Samaki akifika gramu 25 hadi 30 hugeuzwa tumbo juu kiganjani, na kichomozi kidogo kilicho nyuma ya tundu la haja hutazamwa kwa makini. Dume ana tundu moja kwenye ncha ya kichomozi. Jike ana tundu hilo pamoja na mpasuko mwembamba uliokingama katikati, ambapo mayai hutokea. Tone la rangi ya wino huufanya mpasuko uonekane. Kazi hii inataka mwanga, mikono yenye maji na macho yasiyochoka. Hata mzoefu hukosea, na majike wachache tu wanatosha kujaza bwawa tena. Ndiyo maana matokeo ya kituoni, yaliyofanywa na mafundi, hayawezi kuhamishiwa kijijini kabla wafugaji wenyewe hawajajaribu na kuhesabu makosa yao.

Jinsi jaribio linavyoendeshwa

Jaribio zuri huanza na swali la mfugaji. Kikundi hukutana, kila mmoja hutaja kinachomsumbua, na swali moja huchaguliwa: je, pumba za mchele zinalipa? Je, kambare wanapunguza vitoto? Swali likitoka kwa wafugaji, jaribio litalindwa hata mtaalamu asipokuwepo.

Sheria ya kwanza ni kubadilisha jambo moja tu. Mfugaji akibadilisha chakula, idadi ya vifaranga na njia ya maji kwa mpigo, hatajua kilicholeta tofauti. Ya pili ni kuwa na bwawa la kulinganisha, linaloendelea kwa desturi ya zamani. Ya tatu ni kurudia: bwawa moja linaweza kufaulu kwa bahati au kuharibiwa na fisi maji, lakini wafugaji sita au wanane wakijaribu jambo lilelile, bahati huanza kujitenga na ukweli. Ya nne ni kuandika. Daftari la shule lenye safu tano linatosha: tarehe, kilichowekwa bwawani, joto la maji, samaki waliokufa, na saa za kazi.

Kila mwezi samaki kama 30 hukokotwa kwa wavu, huwekwa katika ndoo ya maji iliyokwisha kupimwa, na uzito wao wa jumla hugawanywa kwa idadi yao. Hivyo ukuaji hujulikana bila kumtesa samaki mmojammoja. Siku ya mavuno ni ya hadhara. Majirani huona samaki wakihesabiwa na kupimwa, na anayetaka kuiga njia hiyo huiga alichokiona kwa macho yake. Matokeo mabaya nayo husomwa mbele ya wote, kwa sababu njia iliyoshindwa katika mabwawa sita imewaokoa watu wengine mia moja.

Kilo na faranga

Uzito peke yake haukamilishi hukumu. Mfano wa hesabu unaonyesha sababu. Chukua mabwawa mawili ya ari 2, kila moja likiwekwa vifaranga 400, na 320 wakifika mavuno baada ya miezi sita. La kwanza limetumia mboji pekee, na samaki wana wastani wa gramu 70: hiyo ni karibu kilo 22. La pili limeongezewa kilo 60 za pumba, na wastani umefika gramu 95: karibu kilo 30. Bwawa la pili limeshinda kwa kilo 8. Lakini swali la mfugaji ni je, kilo 8 za samaki zinauzwa kwa fedha nyingi kuliko gharama ya kilo 60 za pumba? Kwa mwenye kinu cha kukoboa mpunga, anayezitupa pumba, jibu ni ndiyo. Kwa anayezinunua Bunia na kulipia pikipiki ya kuzileta, jibu linaweza kuwa hapana. Njia moja, kijiji kimoja, hukumu mbili, na zote ni sahihi.

Saa za kazi nazo ni gharama. Kukata majani na kubeba samadi mara nyingi huwaangukia wanawake na watoto, huku fedha za mavuno zikishikwa na mwanamume. Jaribio lisiloandika nani alifanya kazi na nani alipata kipato linaacha nje sababu mojawapo inayofanya mabwawa yatelekezwe.

Dhahabu, zebaki na mahali pa bwawa

Katika eneo la migodi, chanzo cha maji huamua yote. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata chembe za dhahabu, kisha huichoma, na sehemu yake huangukia udongoni na mitoni. Ndani ya tope, bakteria huigeuza kuwa aina yenye sumu kali zaidi, ambayo huingia kwa wadudu, kisha kwa samaki wanaowala, na kulundikana hasa kwa samaki wala samaki wenzao. Japani ilionja msiba huo katika mji wa Minamata, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki, uliopitishwa 2013, ulipewa jina la mji huo.

Kwa sababu hiyo, mfugaji wa Bambu apande na kijito hadi kwenye chanzo chake kabla ya kuchimba. Maji ya chemchemi iliyo juu ya machimbo yanafaa. Maji yaliyopita kwenye sehemu za kuchekechea dhahabu hayafai, hata yakionekana maangavu. Mashimo ya zamani ya migodi yaliyojaa maji huvutia kwa kuwa kazi ya kuchimba imeshafanyika, lakini tope lake linaweza kuwa na zebaki isiyoonekana wala kunusika. Hilo ni jambo moja ambalo mkono wa mfugaji hauwezi kulipima. Linahitaji maabara, na hadi samaki na tope vipimwe, shimo kama hilo lisifugiwe chakula cha watu.

Mbegu na samaki wa asili

Vifaranga huamua nusu ya mafanikio. Vikitolewa katika bwawa lililodumaa, mara nyingi ni samaki wazee waliokosa chakula, wenye umbo dogo, na jaribio lolote litakalovitumia litadanganya. Wafugaji wanaojaribu pamoja wachukue vifaranga vya chanzo kimoja, vya ukubwa mmoja, siku moja. Mmoja wao akikubali kutenga bwawa dogo la kuzalisha, kikundi huacha kutegemea mbegu za kusafirishwa masafa marefu.

Kusafirisha samaki kuna hatari nyingine. Tilapia wa Nile ni mwenyeji wa Ziwa Albert, lakini mito inayoteremka magharibi ya vilima ni ya bonde la Kongo, lenye samaki wake wa asili. Anayetoroka bwawani mafuriko yakija anaweza kugombania nao chakula na mahali pa kuzalia. Mahali pa kutolea maji pawekewe wavu wenye matundu madogo, na tuta liinuliwe juu ya kimo cha mafuriko. Magonjwa nayo husafiri na vifaranga: kirusi cha tilapia kilichoelezwa na wanasayansi mwaka 2014 kimekwisha kuripotiwa katika Ziwa Victoria. Vifaranga vigeni vitengwe kwanza na kuangaliwa kabla ya kuchanganywa na vingine.

Kufuga penye hofu

Ushauri unaofaa mahali pa amani huenda usifae Djugu. Familia inayoweza kulazimika kukimbia haiwezi kuzika mtaji wake wote katika chakula cha samaki cha miezi minane. Kwa hiyo njia zinazostahili kujaribiwa kwanza ni zile zenye gharama ndogo: mboji badala ya chakula cha kununua, mabwawa mawili madogo yanayovunwa kwa zamu badala ya moja kubwa, na kuvua kidogokidogo kwa ajili ya chungu cha nyumbani tangu mwezi wa nne. Samaki wa bwawa la mboji wana faida moja ambayo kuku hawana: mwenyewe akikosekana kwa wiki kadhaa, hupunguza kukua lakini hawafi kwa njaa. Wizi hubaki tatizo, na mabwawa yaliyo karibu na nyumba, au ya kikundi yenye ulinzi wa zamu, hustahimili zaidi kuliko yaliyofichwa bondeni.

Hayo yote yanaonyesha kwa nini hakuna kitabu kimoja kitakachomtosha mfugaji wa Ituri. Kanuni za maji ya kijani, za joto na za uzazi wa tilapia ni zilezile Butare, Domasi na Bambu, lakini kiasi cha samadi, idadi ya vifaranga na mwezi wa kuvuna hupatikana kwa kujaribu mahali husika. Vyuo vya kilimo, mashirika na ofisi za serikali zinazotaka kusaidia zianze kwa kuwapa wafugaji mizani, kipimajoto, daftari na vifaranga vya uhakika, kisha zikae nao kwa misimu miwili angalau kabla ya kutangaza njia yoyote kuwa bora. Na mfugaji mwenye bwawa hata moja tu aanze leo kuandika anachoweka na anachotoa, kwa maana bila hesabu hiyo hakuna mtaalamu atakayeweza kumwambia kama anapata au anapoteza.